Fahamu: Umehamia Dodoma na mashine ya CPAP? Kagua msukumo wake

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, watumishi wengi wametoka pwani na kuweka makazi maeneo kama Miyuji, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa anayelala na mashine ya CPAP kwa sababu pumzi humkatika usingizini, mwinuko huo una maana.

Inafanyaje kazi?
Mashine hii, iliyoasisiwa na Colin Sullivan jijini Sydney na kutangazwa mwaka 1981, husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Msukumo hupimwa kwa sentimita za maji, kwa kawaida 4 hadi 20.

Mwinuko unabadilisha nini?
Huku juu hewa ni nyepesi. Mashine nyingi za sasa hujirekebisha zenyewe. Baadhi ya za zamani haziwezi, hivyo msukumo hupungua.

Dalili ni zipi?
Kukoroma kukirudi, au ukisinzia mchana, huenda msukumo ni mdogo. Tumbo likijaa gesi, huenda umezidi. Kagua pia barakoa inayovujisha hewa na chujio lililojaa vumbi.

Nani arekebishe?
Daktari, baada ya kusoma kumbukumbu za mashine. Lengo la kawaida: pumzi ikatike chini ya mara 5 kwa saa. Usibahatishe mwenyewe.