Si kila muzungu wa zamani alikuwa Mubelgiji

Mu familia fulani za Bukavu, Uvira ao Kamituga kuna jina linalotajwa kwa sauti ya chini: jina la muzungu aliyezaa na koko wetu, kisha akarudi kwao bila kuacha karatasi. Watu wanasema tu "Mubelgiji". Pengine alikuwa mtu wa Denmark.

Leopold II alihitaji mabaharia, wafundi na maofisa, na Ubelgiji haikumtosha. Akaajiri mpaka Denmark, Norwe na Uswidi. Kapiteni Freiesleben, aliyeuawa kando ya mto Congo mwaka 1890, alitoka Denmark. Vilevile Frederik-Valdemar Olsen, aliyezaliwa 1877: aliongoza askari wa Force Publique upande wa Ruzizi na Kivu, na mwaka 1916 brigade yake ikaingia Tabora.

Basi, ndugu wachimbaji, mwenye kutafuta babu wa namna hiyo aanzie wapi?

Aanzie nyumbani, wazee wangali hai. Uliza: yule muzungu alifanya kazi gani? Meli, jeshi, barabara, mugodi? Alikaa poste gani? Watu walimupa jina gani la utani? Koko alibatizwa misioni gani? Andika yote, na mwaka hata wa kukadiria.

Kisha Bruxelles. Arshive za serikali ya Ubelgiji zina dosie za watumishi wa koloni, na zina huduma ya kusaidia metisi kutafuta wazazi wao. Mu dosie ya mutumishi ndimo unaweza kukuta mahali na siku aliyozaliwa.

Hiyo siku ni ya lazima, kwa sababu jina peke yake linapoteza watu. Olsen maana yake ni mwana wa Ole. Zamani, mu vijiji vya Denmark, mwana wa Hans aliitwa Hansen, na mjukuu akabeba jina lingine tena. Kwetu hatushangai: ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti. Ukijua parokia, vitabu vya ubatizo vya Denmark vinasomwa bure kwenye intaneti. Tangu 1814 kila kitabu kiliandikwa mara mbili, ili moto ukiunguza kimoja, kingine kibaki.

Jihadharini na wapatanishi. Jina la babu wa zamani peke yake halitoi paspoti. Anayekuomba dola kwa ahadi hiyo anakuibia.

Sasa faida ni gani? Metisi wengi walinyang'anywa mama zao na kupelekwa misioni kama Save, Rwanda, na Katende, Kasai. Mwaka 2019 waziri mukuu wa Ubelgiji aliomba musamaha. Tarehe 2 Desemba 2024, korti ya rufaa ya Bruxelles ilisema kuwanyang'anya watoto hao ni uhalifu dhidi ya binadamu, na wamama watano wakashinda serikali. Walishinda na nini? Na karatasi. Serikali yenyewe ilikuwa imeandika.

Mu sindika tunajua jambo hilo: mufanyakazi bila matrikile anahangaika kudai haki yake.

Lakini arshive ilitunza zaidi jina la muzungu. Jina la mama aliyebeba mimba, akalea, ao akalia mutoto wake akichukuliwa, liko mikononi mwetu. Mukifungua kayé ya familia, muandike la kwake kwanza.