Kuelea, Kuruka na Kwenda Bisho: Juu ya Kueleza Mruko wa Ndege kwa Kiswahili

Aghalabu husemwa kwamba Kiswahili hakiwezi kuibeba sayansi kwa sababu ya uhaba wa istilahi. Yamkini kuna ukweli katika hilo. Lakini katika makala haya nataka kuonyesha tatizo la aina nyingine, ambapo maneno yapo ya kutosha na maelezo tuliyopewa tuyatafsiri ndiyo yaliyo mabovu. Mfano nilioteua ni wa jinsi ndege inavyoruka.

Chanzo chake ni darasa la tafsiri. Niliwapa wanafunzi kifungu cha fizikia kisemacho hivi: upande wa juu wa bawa umebinuka, kwa hiyo ni mrefu kuliko wa chini, hewa inayogawanyika mbele ya bawa sharti ikutane tena nyuma yake, basi ile ya juu hulazimika kwenda kasi zaidi, na kwa kanuni ya Daniel Bernoulli ya mwaka 1738, penye kasi zaidi kanieneo hupungua, na bawa hunyonywa juu. Wanafunzi walikitafsiri vizuri. Kisha mmoja wao, aliyelelewa Lamu, akauliza: "Mwalimu, na tanga je?" Siku ile sikuwa na jibu.

Tuanze na vitenzi, kwa kuwa humo ndimo wengi hupotelea. Jahazi huelea: maji linayoyaondoa mahali pake yana uzito sawa na wake, nalo hata likisimama halizami. Puto la hewa ya moto nalo huelea, kwa kanuni hiyo hiyo ya Archimedes. Ndege haielei hata kidogo. Ni nzito mno kuliko hewa inayoiondoa, na ikikosa mwendo huanguka. Sentensi kama "ndege inaelea angani" yapendeza katika utungo, wala haifai katika fizikia. Kuruka nako kuna utata, maana aliyeruka mtaro hakufanya alichofanya kunguru, lakini muktadha huutatua.

Jina lenyewe lataka uangalifu zaidi. Twasema ndege huyu ameruka, na ndege hii imeruka. Jina ni moja, upatanisho ni mbalimbali. Hapa sarufi imetenga kitu ambacho wavumbuzi walikaa karne nyingi bila ya kukitenga. Bawa la ndege mwenye uhai hufanya kazi mbili kwa pamoja, kumnyanyua na kumsukuma mbele, na waliojaribu kumwiga kwa kupigapiga mabawa ya kuundwa walishindwa. Mwingereza George Cayley alizigawa kazi hizo mwaka 1799, alipochora chombo chenye bawa tuli la kunyanyua, na makasia pembeni ya kusukuma. Ndugu Wright walipopaa huko North Carolina tarehe 17 Desemba 1903, kwa sekunde 12 katika safari ya kwanza, walikuwa wakiufuata mgawanyo huo.

Sasa turudi kwenye tanga. Jahazi liendalo bisho huuendea upepo kwa mshazari, mara upande huu, mara upande ule. Upepo hulijaza tanga likapinda, na upepo unaoondoka nyuma yake huwa umegeuzwa njia. Tanga limeusukuma upepo upande mmoja, nao umelisukuma tanga upande wa pili. Mkuku hulizuia jahazi lisiende kombo mno, na sehemu ya kani hulipeleka mbele. Tanga hilo ni kitambaa tu! Urefu wake kwa nje na kwa ndani ni ule ule. Kama kani ingetokana na njia ndefu upande mmoja na fupi upande mwingine, hakuna jahazi ambalo lingekwenda bisho. Mabawa ya ndugu Wright nayo yalikuwa membamba, ya kitambaa cha pamba kilichovishwa mbavu za mbao. Na ndege za maonyesho huruka hata zikiwa zimepinduliwa, tumbo juu.

Fauka ya hayo, hakuna kanuni inayoziamuru chembe mbili za hewa zilizoachana zikutane tena. Moshi ukipulizwa kwa vipindi katika maabara mbele ya bawa, huonekana kwamba hewa ya juu hufika nyuma mapema kuliko ile ya chini. Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliwaeleza walimu wa fizikia jambo hilo mwaka 2003.

Maelezo sahihi ni haya. Bawa lina mpindo, nalo huelekezwa kwa pembe ndogo dhidi ya hewa inayokuja. Hewa ya juu na ya chini huufuata mpindo huo, ikaondoka nyuma ikielekea chini. Hakuna kitu kigeuzwacho njia bila ya kani. Na kwa kanuni ya tatu ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1687, bawa likiisukuma hewa chini, hewa hulisukuma bawa juu. Kani hiyo hulifikia bawa kwa njia ya kanieneo, yaani kani inayoelemea kila kipande cha eneo: juu ya bawa hupungua, chini yake huzidi. Bernoulli hakukosea. Ni kweli kwamba hewa ya juu huenda kasi zaidi. Uongo ni ile sababu iliyobandikwa kwenye jina lake.

Kitenzi "kunyonya" nacho hatuna budi kukiacha, kwa kuwa hewa haina mkono wa kuvutia, husukuma tu. Kwenye usawa wa bahari huielemea kila mita ya mraba kwa uzito wa takriban tani 10. Ndege ndogo aina ya Cessna 172, ikiwa na uzito wa kilo 1,111, ina bawa la mita za mraba 16 hivi. Ukigawa, kila mita ya mraba hubeba kilo 70 tu, pungufu ya sehemu moja katika mia ya mzigo ule wa hewa. Yatosha hewa ya juu ilegee kidogo, ya chini ifanye kazi.

Mnyanyuo, kama nitakavyoiita kani hii, huzidi mara nne mwendo unapozidi mara mbili. Hutegemea pia msongamano wa hewa. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kile cha Moi, Mombasa, mita 60 hivi. Hewa ya Nairobi huwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja katika saba. Basi ndege yenye uzito ule ule yahitaji mwendo zaidi, kama asilimia 8, kabla ya kuiacha ardhi.

Palipotushinda kabisa ni hapa. Pembe ya bawa ikizidi mno, kwa mabawa mengi karibu na digrii 15, hewa ya juu haiwezi tena kuufuata mpindo. Huachana na bawa ikavurugika, na mnyanyuo hushuka ghafla, hata kama injini inanguruma vizuri. Wanafunzi waliandika "ndege imezimika", kwa kuwa neno la Kiingereza lililokuwamo hutumika pia kwa gari linalozima. Mwanafunzi wa urubani (neno tulilolitoa baharini, nalo halikututatiza) akisoma hivyo ataishughulikia injini, ilhali lililompasa ni kuinamisha pua ya ndege ili hewa ilishike bawa tena. Tafsiri hiyo yaweza kuua mtu.

Baada ya kubishana kwa muda tuliafikiana kuandika kwamba hewa imebanduka, kama rangi ibandukavyo ukutani. Nomino yake, mbanduko, naiweka mbele ya wanaistilahi waichunguze, pamoja na mnyanyuo. Kifungu chenyewe tulikiandika upya, na aya ya kwanza ikaanza na tanga.