Maini ya Mifugo na Mabaki ya Dawa

Kaya nyingi za Waswahili wanaoishi Xiaobei na mitaa mingine ya Guangzhou hupenda maini ya mbuzi au ya ng'ombe, hasa asubuhi ya sikukuu. Ni chakula chema, chenye madini ya chuma kwa wingi. Hata hivyo, ini ndicho kiungo ambamo dawa alizopewa mnyama huvunjwavunjwa, na mabaki ya baadhi yake hukawia humo kuliko katika nyama.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya, ambavyo nguvu zake hutofautiana baina ya mnyama na mnyama. Mbuzi na kondoo hufanana, na wafugaji wengi huwatibu kwa chupa moja. Lakini mbuzi huziondoa mwilini dawa za minyoo kama albendazoli na levamisoli upesi kuliko kondoo, hivyo kipimo cha kondoo mara nyingi hakimtoshi. (Wanaowatumia jamaa zao dawa za mifugo nyumbani wazingatie hilo.) Mfano mkali zaidi ni monensini, inayochanganywa katika chakula cha kuku ili kuzuia ugonjwa wa koksidia. Kuku huistahimili, farasi aweza kufa kwa miligramu 2 au 3 tu kwa kila kilo ya uzito wake, na sababu mojawapo ni kwamba ini lake huivunja taratibu mno.

Ndiyo maana dawa za mifugo huwekewa muda wa kusubiri, yaani siku zinazopaswa kupita baina ya dozi ya mwisho na kuchinjwa. Muda uliopimwa kwa ng'ombe haufai kukisiwa kwa mbuzi. Mlaji naye hawezi kujua kwa macho kama siku hizo zilitimizwa, kwa kuwa ini lenye mabaki halibadiliki rangi wala ladha. Ndimu na tangawizi huondoa harufu, dawa hubaki.

Hatari iliyokwisha kuonekana hapa mjini ni ya klenbuteroli. Asili yake ni dawa ya kupanua njia za hewa, lakini wafugaji wengine huitumia kwa siri ili mnyama aote nyama nyingi na mafuta machache. China imeipiga marufuku katika ufugaji. Kwa Kichina dawa za namna hii huitwa shouroujing. Februari 2009, watu wapatao 70 mjini Guangzhou waliugua baada ya kula nyama na viungo vya ndani vya nguruwe vilivyokuwa nayo. Asiyekula nguruwe asidhani kisa hicho hakimhusu. Nchini Hispania, tukio lililoripotiwa mwaka 1990 liliwapata watu 135 waliokula maini ya ng'ombe, na Machi 2021 televisheni ya taifa ya China ilifichua kondoo waliolishwa dawa hiyo mkoani Hebei. Kuchemsha hakuiharibu.

Neno qingzhen lililoandikwa buchani humjulisha mnunuzi kuwa nyama ni ya halali; halisemi mnyama alilishwa nini. Kwa hiyo anunuaye maini aulize pia cheti cha ukaguzi wa mifugo, jianyi, na atunze risiti. Maini yanayouzwa barabarani bila cheti, hata yakiwa ya bei nafuu, ni heri kuyaacha. Wajawazito, watoto na wenye maradhi ya moyo ndio wa kuangaliwa zaidi.

Dalili huanza ndani ya nusu saa au baada ya saa chache: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja, au ipigwe simu 120 kuita gari la wagonjwa. Daktari aelezwe kilicholiwa na saa kilipoliwa. Mabaki ya chakula yawekwe kando kwa ajili ya kupimwa, yasitupwe. Malalamiko kuhusu muuzaji hupokelewa kwa simu 12315.