Dawa ya Fazaa na Mkondo wa Noradrenalini

Mtu mwenye maradhi ya fazaa hushtukia, pasipo adui wala hatari, moyo umekwisha kumwenda mbio, pumzi zimembana, na yakini imemwingia kwamba anakufa saa hiyo hiyo; na shambulio hilo likiisha kupita, humwachia mzigo wa pili, nao ni wahaka wa kungojea litakalofuata. Kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali, wala si hofu moja yenye daraja kubwa na ndogo, ni jambo lililodhihirishwa na dawa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, tabibu Donald Klein, katika hospitali ya Hillside huko New York, aliwapa wagonjwa wa namna hii imipramini, dawa ambayo Roland Kuhn wa Uswisi alikuwa ameiona ikiwaondolea watu huzuni kuu. Wiki chache zikapita, na wagonjwa wakashikilia kwamba hawajapata nafuu yoyote. Wauguzi ndio waliotambua ya kuwa wale waliozoea kuwakimbilia kutwa, wakilia kwamba wanakata roho, hawaji tena. Fazaa ilikuwa imekoma, ilhali wahaka umebaki palepale. Kwangu mimi, sifa ya ugunduzi huo ni ya macho ya wauguzi sawasawa na elimu ya tabibu.

Chimbuko la fazaa hiyo lilitafutwa ndani ya ubongo. Katika shina lake, kulia na kushoto, mna vishada viwili vidogo vya seli zenye rangi ya buluu, ambazo matawi yake hutambaa karibu ubongo mzima yakimimina kemikali iitwayo noradrenalini, nazo ni kama mlinzi wa mji apigaye mbiu ya hatari. Miaka ya 1970, Eugene Redmond wa Chuo Kikuu cha Yale alipozisisimua seli hizo kwa umeme katika kima, wanyama wale walionyesha dalili za hofu. Kadhalika yohimbini, itokayo katika gome la mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, huondoa kizuizi cha seli hizo, na wagonjwa wa fazaa waliopewa walipandwa nayo kwa wingi zaidi kuliko watu wenye afya.

Hapo ndipo penye mushkeli: imipramini huizuia noradrenalini isirudishwe ndani ya seli, na kwa hiyo mwanzoni huizidisha. Ni baada ya wiki kadhaa ndipo seli zile hupunguza mwendo wake. Na ndiyo maana baadhi ya wagonjwa huhisi kutetemeka na wasiwasi zaidi siku za kwanza. Dawa zinazotangulizwa leo, kama setralini, hupitia serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambayo nayo huzituliza seli hizo. Dawa za jamii ya diazepamu hutuliza upesi, lakini aghalabu humtia mtu utumwani. Wala noradrenalini si yote: Klein mwenyewe, mwaka 1993, alitoa rai kwamba chanzo ni kengele ya uongo ya ubongo unaodhani mwili unakosa hewa.

Basi msomaji uliyeandikiwa imipramini au setralini, kwanza upimwe moyo na tezi ya shingo, ambayo maradhi yake hufanana na fazaa. Uanze kwa kipimo kidogo, usiiache dawa kwa ghafla, wala usiihukumu kabla ya wiki sita.