Nguzo za Kumtuliza Mwenye Akiba

Mwenye fedha haogopi mwizi peke yake. Huiogopa na benki yenyewe. Kabla ya kuhamia Philadelphia nilikuwa keshia Dar es Salaam, na najua uvumi mdogo unavyoweza kurefusha foleni hadi nje ya mlango. Kwa hiyo majengo ya kale ya benki katikati ya mji huu nayatazama kwa jicho la kazi. Nguzo zile zilisimamishwa ili mteja atulie.

Tuanze Third Street, kwenye benki ya kwanza ya taifa la Marekani. Bunge liliipa kibali cha miaka 20 mwaka 1791, kwa pendekezo la Waziri wa Fedha Alexander Hamilton, na jengo likakamilika mwaka 1797. Nchi ilikuwa imetoka vitani na madeni mengi, na noti zilizochapishwa kugharimia vita hivyo zilikuwa karibu hazina thamani. Nani angeiamini karatasi nyingine? Benki ikajibu kwa mawe: nguzo ndefu, uso wa marumaru, na juu yake tai aliyechongwa kwa mbao. Lakini ukizunguka ubavuni unakuta matofali. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Wenye benki walijua kwamba watu wengi huishia mlangoni.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Chestnut Street, iko benki ya pili ya taifa, iliyomalizika kujengwa mwaka 1824. Wakuu wake walitaka sura ya Kigiriki, na msanifu William Strickland akaiga hekalu la Parthenon la Athens: nguzo nane mbele, nane nyuma. Ubavuni hakuweka hata moja. Ndani, dari ya ukumbi imepinda kama upinde mrefu, kwa mtindo wa Kirumi. Mpita njia alipewa Ugiriki, mteja akapewa Roma. Benki yenyewe ilianzishwa mwaka 1816, lakini kwa sura hiyo ilijiazimia umri wa miaka zaidi ya 2,000.

Azima haikuiokoa. Rais Andrew Jackson aliiona ni chombo cha matajiri, na mwaka 1832 akakataa kuidhinisha kibali kipya. Kile cha zamani kikaisha mwaka 1836. Benki ikaendelea kwa kibali cha jimbo la Pennsylvania, kisha ikaanguka mwaka 1841. Nguzo hazikupata hata ufa wa aibu. Jengo likawa ofisi ya forodha, na siku hizi lina picha za watu mashuhuri wa enzi za uhuru wa Marekani.

Hata hivyo benki ziliendelea kujivika mahekalu. Kwenye kona ya Broad na Chestnut, Girard Trust ilijenga ukumbi wa marumaru wenye kuba kubwa mwaka 1908. Sasa ni hoteli. Kilichoivunja desturi hiyo ni mdororo wa uchumi. Kati ya mwaka 1930 na 1933 maelfu ya benki za Marekani zilifilisika, zenye nguzo na zisizo nazo. Mwaka 1933 ikapitishwa sheria ya bima ya amana, na kuanzia Januari 1934 kila mwenye akiba katika benki iliyojiunga alikingwa hadi dola 2,500. Leo kiwango ni dola 250,000. Kazi ya kumtuliza mteja ikahama kutoka kwenye nguzo hadi kwenye kibao kidogo cha bima kilichowekwa kaunta.

Kenya na Tanzania nazo zina bima ya amana, ila wateja wengi huuliza riba na makato, wala hawaulizi bima. Mpwa wangu alipotaka kufungua akaunti alinisifia ofisi ya benki: vioo, viyoyozi, makochi. Nikamwambia aulize jambo moja tu: benki ikifungwa kesho, nani atanilipa, na mpaka shilingi ngapi?