Koo Zilizofichua Mwanzo wa Alzheimer

Kwa wagonjwa wengi Alzheimer huja uzeeni, na hakuna daktari awezaye kutabiri itampata nani wala lini. Ipo lakini aina ya kurithiwa, isiyofikia hata asilimia 1 ya wagonjwa wote, ambayo hutabirika. Chanzo chake ni hitilafu kwenye jeni moja kati ya tatu: APP, PSEN1 au PSEN2. Mzazi akiwa nayo, uwezekano wa kila mtoto kuirithi ni nusu kwa nusu, na aliyeirithi huanza kuugua karibu na umri ule ule alioanza mzazi wake.

Ukoo mkubwa zaidi unaojulikana wenye aina hiyo uko Antioquia, Kolombia, kwenye milima inayouzunguka mji wa Medellín. Una watu wapatao 6,000. Daktari wa neva Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, alianza kuufuatilia miaka ya 1980, wakati mkoa huo ukiteketea kwa vita vya waasi na biashara ya kokeini. Yeye na muuguzi Lucía Madrigal walichora nasaba za familia, kizazi baada ya kizazi. Mwenye hitilafu ya ukoo huo huanza kupoteza kumbukumbu akiwa na miaka 44 hivi, umri ambao watoto bado wanasoma.

Kwa mtafiti, huo ni mwanya adimu: anaweza kumchunguza mtu mzima wa afya akijua kinachomngoja. Ndiyo kazi ya mtandao wa DIAN, ulioanzishwa mwaka 2008 chini ya Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, na kukusanya familia kutoka nchi nyingi. Mwaka 2012 watafiti wake walionyesha kwamba kiwango cha amiloidi, protini inayorundikana ubongoni katika ugonjwa huu, hubadilika kwenye maji ya uti wa mgongo takriban miaka 25 kabla ya dalili kutarajiwa. Kumbe anayepelekwa hospitali kwa kusahau amechelewa robo karne!

Ila wanaukoo wengi hawataki kujua kama wamerithi, na sioni wa kuwalaumu: tiba haipo. Kwa hiyo jaribio la dawa ya crenezumab huko Kolombia, lenye watu 252, liliwaingiza hata wasio na hitilafu, wakachomwa sindano zisizo na dawa, ili kushiriki kwenyewe kusimfichulie mtu siri yake. Matokeo ya mwaka 2022 hayakuonyesha nafuu ya maana. Dawa mbili zilizojaribiwa na DIAN nazo zilikuwa zimeshindwa miaka miwili kabla.

Kilichowashangaza watafiti zaidi hakikutoka kwenye dawa. Mwanamke mmoja wa ukoo wa Kolombia, mwenye hitilafu ile ile, alikaa na akili timamu hadi miaka ya sabini. Ubongo wake ulijaa amiloidi kupita kiasi, lakini protini ya tau, inayoandamana na kufa kwa seli, ilikuwa kidogo. Alikuwa na nakala mbili za badiliko adimu la jeni ya APOE, liitwalo Christchurch. Habari zake zilichapishwa mwaka 2019, na sasa maabara kadhaa zinatafuta dawa ya kuiga kinga hiyo.

DIAN nao wamerudi nyuma zaidi kiumri: jaribio lao jipya linapokea vijana kuanzia miaka 18, kabla amiloidi haijarundikana kwa wingi.