Gari kuukuu: kufunga injini nyingine au kuagiza jingine?

Gari dogo la cc 1,300 au 1,500 likishushwa bandarini Dar es Salaam likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10, kila shilingi 100 ya thamani yake hugeuka shilingi 199 kabla halijatoka getini. Mwenye Toyota IST ya mwaka 2005 inayotoa moshi, anayejiuliza kama aitengeneze au aagize nyingine, aanze na namba hiyo.

Inapatikana hivi. Ushuru wa forodha ni 25%, kwa hiyo 100 inakuwa 125. Juu ya 125 unakuja ushuru wa bidhaa: 5% kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000, na 30% nyingine ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 10. Asilimia 35 ya 125 ni 43.75, tunafika 168.75. VAT ya 18% nayo inapigwa juu ya jumla hiyo, yaani unalipa kodi hata juu ya kodi uliyokwisha kulipa. Hapo ndipo 199 inapotokea. Gari la miaka 8 hadi 10 hutozwa uchakavu wa 15% na kufikia 177. La chini ya miaka 8 halina uchakavu, linaishia 155. Tozo ndogondogo za forodha sijaziingiza. Na thamani inayopigiwa hesabu si lazima iwe ile uliyomlipa muuzaji wa Japani, maana Mamlaka ya Mapato (TRA) wana mfumo wao wa kuthamini magari yaliyotumika, na ndio unaotazamwa.

Kuna kanuni inayosemwa sana vijiweni: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari, uza. Inafaa kule ambako saa moja ya fundi ni ghali na gari lililotumika ni rahisi kupata. Kwetu ni kinyume. Ufundi ni nafuu, spea za mtumba zimejaa Gerezani na Ilala, na gari lenyewe ndilo limebeba mzigo wa kodi. Matengenezo ya nusu bei yanaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa, na ya robo bei yakawa hasara. Cha kulinganisha ni pesa zitakazotoka na kurudi kwa miaka mitatu ijayo katika kila njia. Pesa ulizokwisha kuacha gereji mwaka jana hazimo: zimekwenda, ulibaki na gari au uliuze.

Tuchukue mfano. Bei nilizoweka ni za kukadiria, kila mtu abadilishe kwa bei za mtaani kwake. IST hiyo ya 2005, ikiwa na injini mbovu, inauzika milioni 6. Kufunga injini ya mtumba, pamoja na ufundi, oili na vikorokoro vyake, ni milioni 2.6. Shokapu nne na bushi ni laki 9, rejeta na feni laki 3. Jumla milioni 3.8. Baada ya hapo sevisi na matengenezo ya kawaida yachukue milioni 1.5 kwa mwaka, bima ndogo shilingi 118,000 kwa mwaka, na mwisho wa miaka mitatu gari liuzwe milioni 5. Jumlisha milioni 6 ulizoacha kuzipokea leo, 3.8 za matengenezo, 4.5 za matunzo na 0.35 za bima, kisha toa 5 za mauzo. Kubaki na gari kumekugharimu milioni 9.65.

Njia ya pili ni kuagiza IST ya kizazi cha pili, ya mwaka 2013, yenye thamani ya forodha ya milioni 9. Kodi peke yake ni milioni 8.9. Ukiweka wakala, gharama za bandari na usajili, unalikabidhiwa kwa milioni 19.1. Matunzo ni laki 7 kwa mwaka, milioni 2.1 kwa miaka mitatu. Bima kubwa, ambayo benki itaidai ukikopa, tuseme laki 6 kwa mwaka, milioni 1.8. Ukishauza la zamani kwa milioni 6, njia hii inahitaji milioni 9.3 zaidi mkononi kuliko ile ya kwanza yenye matengenezo ya 3.8, na ukizikopa kwa riba ya 17% kwa miezi 36, utarejesha takriban shilingi 332,000 kila mwezi na riba itafika milioni 2.64. Sasa faida zake. Kama gari la zamani linakwenda kilomita 12 kwa lita na jipya 15, kwa kilomita 15,000 za mwaka unaokoa lita 250. Kwa petroli ya shilingi 2,900, hiyo ni milioni 2.18 kwa miaka mitatu. Ukiliuza milioni 12.5 mwishoni, gharama halisi inabaki karibu milioni 10.96.

Tofauti ni milioni 1.3 kwa miaka mitatu, kama shilingi 36,000 kwa mwezi. Ni ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, na sababu yake ni ile ile kodi. Inapandisha bei ya kununua, lakini pia inashikilia bei ya kuuza, kwa kuwa anayenunua kwako anakwepa kulipa ile 99 ya kodi bandarini. Ndiyo maana gari lililokamuliwa miaka 20 bado lina mtu wa kulinunua kwa mamilioni.

Kinachoamua basi ni kama matengenezo yatashika. Injini ya mtumba ikifa mwaka wa pili, unaongeza milioni 2.6 na njia ya kwanza inakuwa ghali kuliko ya pili. Gawanya 1.3 kwa 2.6: ukiona uwezekano wa kurudia kazi hiyo ni zaidi ya nusu kwa nusu, agiza gari. Ukiwa chini ya hapo, tengeneza.

Uwezekano huo unaupunguza mwenyewe kabla ya kulipa. Injini ya mtumba ipimwe mgandamizo wa silinda, zote nne, na zisipishane sana. Fungua kifuniko cha oili na uangalie chini yake: utando mweupe mzito kama mtindi ni maji yaliyochanganyika na oili, na injini hiyo iache hapo hapo. Ukiona masizi yameganda kwa unene, mwenye nayo wa kwanza hakuwa anamwaga oili kwa wakati. Chomoa plagi, iliyolowa oili inakuambia ringi zimechoka. Uliza pia dhamana ya siku ngapi, na iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya injini, kwa sababu namba hiyo imo kwenye kadi ya gari na mabadiliko yake lazima yafike TRA.

Kabla hata ya kwenda Gerezani, uliza kama injini inahitaji kutolewa. Nimeona watu wakishawishiwa kufungua injini kwa sababu tu inakula oili, na hilo linanikera, kwani hesabu yake ni rahisi. Injini za familia ya NZ zilizofungwa kwenye IST hubeba lita 3.7 hivi za oili. Ikila lita moja kila kilomita 1,000, kwa mwaka wa kilomita 15,000 ni lita 15. Kwa shilingi 12,000 kwa lita, ni 180,000. Milioni 2.6 ni oili ya miaka 14. Kama haichemki, haigongi na ina nguvu mlimani, beba galoni kwenye buti na uvute kijiti cha oili kila Jumamosi. Kuna plagi zitakazochafuka mapema, na siku ukisahau kuongeza injini itajifunga, kwa hiyo ushauri huu si wa mtu mwenye gari linaloendeshwa na watu watatu tofauti.

Kwa dereva wa teksi mambo yanageuka. Kama hesabu ya tajiri ni 25,000 kwa siku na gari kuukuu linalala gereji siku 20 zaidi kwa mwaka, ni laki 5 kwa mwaka, milioni 1.5 kwa miaka mitatu. Tayari imepita ile milioni 1.3, na bado hujahesabu chakula cha dereva siku hizo. Gari la biashara libadilishwe mapema kuliko la kwenda nalo kazini.

Kwa majirani sheria ni tofauti: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imeweka kikomo cha miaka 15. Mkenya hana njia ya kuleta gari la miaka 12 kwa bei ya chini, hivyo pengo kati ya kutengeneza na kubadilisha kwake ni pana zaidi, na gari lake la zamani lina haki zaidi ya kutengenezwa.

Kutu ndiyo inayofuta hesabu zote hizi. Magari yaliyokaa karibu na bahari, Tanga, Zanzibar au Kigamboni, huliwa kuanzia chini. Lipandishe juu na ugonge kwa bisibisi pale bodi inaposhikana na shokapu na mikono ya magurudumu. Bisibisi ikizama, fundi anaweza kuchomea bati na kupaka rangi ikapendeza, lakini tairi linashikiliwa na bati hilo ukiwa mwendo wa 80 Chalinze na watoto wako nyuma. Gari la namna hiyo liuze kwa vipande: injini, giaboksi, milango na taa zina wateja. Kisha utafute la mkononi ambalo mwenzako alishalilipia ushuru, ulikague kwa bisibisi hiyo hiyo kabla ya kuzungumza bei.